Kampuni gani ya dhahabu inafaa akaunti ya kustaafu yenye dola 11,400 tu?

Mama Donholm aliuliza:

Hamjambo nyote. Mnivumilie, swali langu lina mkia mrefu.

Nilifanya kazi Minnesota miaka tisa, kulea wazee kwenye nyumba za utunzaji. Zamu za usiku, kumgeuza mzee kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na ukitoka asubuhi unakuta theluji imefunika gari hadi vioo. Mwajiri alikuwa akikata kidogo kwenye mshahara wangu na kuweka kwenye mpango wa kustaafu, ule wa 401(k), na yeye anatia chake kidogo. Mwaka 2023 mama yangu aliugua, nikaacha kazi, nikarudisha kadi ya kijani, nikarudi nyumbani. Zile pesa nilizihamishia kwenye akaunti ya kustaafu ya mtu binafsi, ile Wamarekani wanaiita IRA, kwa dalali mmoja wa hisa wa huko huko. Leo zimefika dola 11,400. Najua kuna watu hapa ambao hiyo ni karo ya muhula mmoja. Kwangu ni miaka tisa ya mgongo.

Nina miaka 53. Nina saluni ndogo hapa Donholm, Nairobi, viti vitatu, na hisa zangu za Sacco. Msiniambie ninunue ploti Joska. Ploti ilishaniunguza mara moja, na jiwe la mpaka bado ninalo kwenye picha ya simu, shamba lenyewe sijui liko wapi.

Kilichonifanya nianze kufikiria dhahabu ni shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa inaenda 160 na zaidi, dawa za nywele zikapanda, wateja wakaanza kuja na dawa zao wenyewe kwenye mfuko. Halafu miezi michache baadaye dola ikashuka hadi 129 hivi, na dawa hazikushuka. Nikajiambia, hizi karatasi zote ni za kubahatisha. Oktoba 2025 dhahabu ikapita dola 4,000 kwa wakia (gramu 31 hivi), na mume wa mwenzangu wa kwaya akawa hana hadithi nyingine.

Basi nikaingia kwenye mtandao, nikajaza namba yangu mahali ili nitumiwe kijitabu cha bure kuhusu akaunti za kustaafu za dhahabu. Kijitabu kilifika siku hiyo hiyo. Simu nazo hazijaacha kufika mpaka leo. Yuko kijana mmoja hunipigia WhatsApp saa tatu usiku, kwao ikiwa saa sita mchana, ana adabu kuliko wapwa zangu wote. Ameshajua hata jina la paka wangu.

Nimebakiwa na kampuni tatu. Ya kwanza, ya huyu kijana, inataka angalau dola 10,000. Kufungua ni dola 50, kila mwaka 100 ya utunzaji na 150 ya ghala. Mwaka wa kwanza bure, na wanakupa fedha nyeupe ya dola 500 kama zawadi. Ya pili inataka 25,000, kwa hiyo imejitoa yenyewe. Ya tatu haina kiwango cha chini, ada yake ni 225 kwa mwaka, lakini anayeuza dhahabu ni mwingine kabisa na wanakuachia umtafute mwenyewe.

Mimi naelekea ya kwanza. Kuna mtu hapa aliyepitia njia hii?

---

Kijana wa Kilimani:

Mama, mimi ni jirani wa ile mitaa ambapo kila mwezi polisi wanavamia nyumba ya kupanga na kutoa masanduku ya vyuma vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Nikisikia neno dhahabu na neno simu kwenye sentensi moja, mimi nafunga mlango.

---

Brooklyn Park MN:

Dada, shikamoo kama umenizidi. Mimi bado niko huku Minnesota, na wengi wenu mliolea wazee mmepita sebuleni kwangu. Kijana wa Kilimani anachekesha, lakini hili ni jambo lingine. Hizi akaunti ni halali. Sheria ya Marekani inaruhusu dhahabu ndani ya IRA, mradi iwe na usafi wa 99.5%, na fedha nyeupe 99.9%. Sarafu ya American Eagle, ya serikali ya Marekani, imeruhusiwa peke yake ingawa ni karati 22, yaani chini ya usafi huo. Kwa hiyo hofu yangu si chuma kilichopakwa rangi. Shida iko kwingine.

Kwanza ujue unaongea na nani. Hapa kuna watu watatu na kila mmoja ana mkono wake mfukoni mwako. Kuna muuzaji wa dhahabu. Kuna mtunzaji wa akaunti, ambaye lazima awe benki au kampuni iliyoidhinishwa na IRS, ile mamlaka ya kodi ya huku. Na kuna ghala lenye milango ya chuma ambako dhahabu inalala. Kijana wako wa saa tatu usiku ni muuzaji tu. Yeye hatunzi kitu. Akishakuuzia, atamuulizia paka wa mtu mwingine.

Na akitokea wa kukwambia unaweza kutumiwa sarafu uzifiche nyumbani Donholm na bado zihesabike kuwa za kustaafu, kata simu. Mwaka 2021 mahakama ya kodi ya huku ilimhukumu mama mmoja aliyeweka sarafu za IRA nyumbani kwake: ilihesabiwa kwamba ameshazitoa, alipe kodi.

Sasa hesabu. Mimi nilifungua yangu 2020 nikiwa na dola 38,000. Nalipa 250 kwa mwaka, na ada hiyo haiangalii umeweka ngapi. Kwangu mimi hiyo ni kama senti 66 kwa kila dola 100. Kwako wewe hiyo hiyo 250 ni dola 2.20 kwa kila 100. Mwenye 100,000 analipa senti 25. Umeona? Mwenye kidogo ndiye anayelipa zaidi. Miaka kumi umelipa 2,500, zaidi ya sehemu moja ya tano ya pesa zako, na dhahabu haizai riba wala gawio la kuzilipa hizo ada. Kila mwaka inabidi upate pesa taslimu kutoka mahali, au wauze kipande.

Lakini si hapo nilipoumia mimi. Mimi niliumia siku ya kununua. Niliuziwa sarafu za kung'arishwa, zile zinakaa kwenye kasha la plastiki na karatasi ya cheti, nikaambiwa ni adimu na zitapanda kuliko dhahabu ya kawaida. Miaka mitatu baadaye nilipouliza bei ya kuuza, nikapewa bei ya uzito. Cheti wala hawakukiangalia.

Mwombe huyo kijana mambo matatu kwa maandishi: bei ya kila sarafu, uzito wake, na bei ambayo wao wenyewe wangeinunua sarafu hiyo hiyo leo hii. Usikubali akusomee kwa simu.

---

Mama Donholm:

Shemeji wa Brooklyn Park, asante, na marahaba kama ni mdogo.

Nimemwomba. Siku mbili alizungukazunguka, mara mfumo umelala, mara msimamizi yuko likizo. Jana usiku karatasi ikaja. Nilikuwa saluni, mteja yuko chini ya kikaushio, nikatoa kikokotoo cha simu.

Sarafu za American Eagle, za kung'arishwa, za sehemu moja ya kumi ya wakia. Sarafu 17, kila moja dola 640. Jumla 10,880. Siku hiyo wakia nzima ilikuwa kama dola 4,100, kwa hiyo dhahabu iliyo ndani ya sarafu moja ni ya dola 410. Sarafu 17 zina wakia 1.7. Zidisha: 6,970.

Nilirudia mara tatu. Mteja akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Dola 3,910 zinapotea kabla ghala halijafungwa. Hiyo zawadi ya fedha nyeupe ya dola 500 ni mimi mwenyewe ninayejinunulia. Na lile swali la tatu, bei ya kununuliwa leo, ameandika kwamba "hutegemea hali ya soko."

Nikajiuliza kama labda ndivyo dhahabu ilivyo kila mahali, kwa hiyo Jumamosi nikapanda matatu hadi Eastleigh na bangili yangu. Ni ya karati 21, gramu 8, nilinunuliwa na dada zangu nilipoondoka 2014. Sonara ni mzee mwenye kofia, duka lake upana wa kitanda. Akaisugua kwenye jiwe jeusi ikaacha mstari wa manjano, akadondosha tone la dawa kutoka kwenye kichupa, sote wawili tukaangalia mstari. Haukufifia. Akapima: 8.02. Akaandika kwenye kipande cha gazeti: dhahabu iliyomo, kwa bei ya dunia, kama shilingi 116,000. Atanunua kwa 105,000. Nikamwonyesha nyingine kwenye kioo inayofanana nayo kama pacha, nikauliza hii unauza ngapi. 138,000.

Akacheka nilipokunja uso. Akaniambia, mama, 22,000 ya juu ni ya fundi na duka, 11,000 ya chini ni ya mimi kuyeyusha na kungoja. Ameniambia wazi, akanionyesha na mizani. Yaani sonara wa Eastleigh, kwenye pambo lililofanyiwa kazi ya mkono, anapandisha chini ya asilimia 20 juu ya bei ya dhahabu. Yule wa adabu anapandisha asilimia 56 kwa sarafu iliyopigwa na mashine.

Bangili nimerudi nayo. Iko mkononi ninapoandika.

Kwa hiyo ya kwanza imeanguka. Je, ile ya tatu, ya ada 225, nikitafuta muuzaji wa sarafu za kawaida?

---

Mhasibu wa Ngara:

Mama Donholm, hesabu yako ni safi, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa kazi. Sasa nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu umeuliza kampuni ipi na mimi sioni kwa nini uhame kabisa.

Pesa zako tayari ziko ndani ya IRA kwa dalali wa hisa. Ndani ya akaunti hiyo hiyo unaweza kununua mfuko unaomiliki dhahabu halisi na unaouzwa sokoni kama hisa. Mkubwa na wa zamani kuliko yote kule ni GLD, unakata 0.40% kwa mwaka. IAU unakata 0.25%. GLDM 0.10%. Ukiweka hata zile 11,400 zote kwenye GLDM, gharama ya mwaka ni dola 11 na senti 40. Linganisha na 225 au 250. Hakuna kufungua kitu, hakuna kulipia ghala kivyake, na tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza ni ndogo sana kwa sababu watu wananunua na kuuza siku nzima. Unachokosa ni kwamba huwezi kwenda kuomba sarafu yako mkononi. Lakini ya ghalani nayo usingeishika bila kuhesabiwa umeitoa, kama shemeji alivyosema.

Jambo moja la kuuliza kabla: dalali anajua unaishi Kenya? Wengine huwafungia wateja walioondoka.

Na usije ukatoa pesa hizo sasa uje kununua dhahabu hapa. Kabla ya miaka 59 na nusu kuna adhabu ya 10%. Juu ya hiyo, wewe si mkaazi wa Marekani tena, na Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato, kwa hiyo tegemea wakukate 30% mlangoni. Sehemu unaweza kuidai kwa kujaza fomu ya kodi ya wasio wakaazi, lakini hiyo ni safari. Miaka sita na nusu si mingi, acha ikae.

Kwa pesa zako za saluni, za shilingi, kuna mfuko wa dhahabu wa NewGold hapa hapa Soko la Hisa la Nairobi tangu 2017. Kipande kimoja ni kama sehemu moja ya mia ya wakia, unahitaji tu akaunti ya hisa na dalali. Ubaya wake ni kwamba wanunuzi ni wachache, siku nyingine hakiuzwi hata kipande kimoja, kwa hiyo siku ukitaka kutoka haraka unaweza kungoja. Kama lengo ni uzee, mimi ningeanza na mpango wa pensheni wa mtu binafsi uliosajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu. Tangu mwisho wa 2024 unaweza kuondoa mchango wako wa hadi shilingi 30,000 kwa mwezi kwenye mapato yako kabla hayajatozwa kodi, na saluni yako najua inalipa kodi, sivyo?

Mwisho, dhahabu yenyewe. Mume wa mwenzako wa kwaya amekwambia ilipopanda. Aliyenunua Septemba 2011 kwa dola 1,900 aliiona ikishuka hadi karibu 1,050 mwisho wa 2015, na hakuiona ile bei yake tena hadi 2020. Utakuwa na miaka 59 na nusu hivi karibuni. Mimi nisingeweka yote hapo.

---

Brooklyn Park MN:

Mhasibu amesema kweli, na mimi naona aibu kwamba nimelipa 250 kwa miaka mitano bila kuuliza hili. Pia, dada, angalia jina la mrithi kwenye akaunti yako. Mtu wa kwetu hapa alifariki, akaunti ilikuwa bado ina jina la mume waliyeachana naye zamani.

---

Mama Donholm:

Saluni inalipa kodi, mhasibu, usinipeleke mahali.

Nimempigia dalali wangu wa hisa, dakika 47 kwenye foleni nikisikiliza kinanda. Walikuwa wanajua niko Kenya, nilishajaza ile fomu ya W-8BEN, ya wasio wakaazi wa Marekani, mwaka jana nikafikiri ni ya kawaida. Wanasema mifuko ya uwekezaji ya kawaida siruhusiwi kununua nikiwa nje, lakini inayouzwa sokoni kama hisa naruhusiwa. Nikamuuliza huyo dada wa simu, na GLDM je? Akasema ndiyo, bila kunisifia wala kuniuliza habari za paka.

Jina la mrithi lilikuwa la mama yangu. Mama tulimzika Machi mwaka jana. Nimebadilisha, nimeandika binti yangu.

Nimeamua dola 2,000 ziende kwenye dhahabu, yaani gharama ya dola 2 kwa mwaka, zilizobaki zikae zilipo mpaka nisome zaidi. Kijana alinipigia tena jana saa tatu. Nilimwambia tu, mwanangu, niandikie bei ambayo ninyi mtazinunua tena kutoka kwangu. Akasema ataongea na msimamizi. Leo saa tatu imepita, sasa ni saa nne kasorobo, simu iko hapa mezani imenyamaza.

Swali la mwisho, na mnisamehe ujinga wangu. Kwenye programu ya dalali nimeandika GLDM, nikaweka 2,000, inaniuliza kama nataka "bei ya soko" au "bei ya kikomo". Nibonyeze ipi?

---

Mhasibu wa Ngara:

Kikomo, yaani bei ya juu kabisa utakayokubali kulipa. Andika bei unayoiona wakati huo, ongeza senti chache tu. Na ubonyeze soko likiwa wazi: New York wanafungua saa kumi na moja unusu jioni yetu wakati wa baridi kwao.

---

Mama Donholm:

Hiyo ndiyo saa ya wateja wangu wa kutoka kazini. Sawa, nitabonyeza na mkono wenye glavu.